Udongo Wako, Maji Yetu

Wapo wajenzi wasemao kwamba udongo si uchafu. Hoja hii napingana nayo. Udongo shambani ni riziki. Udongo uliotoroka kiwanjani ukaingia mtaroni ni uchafuzi.

Tazama, ewe mwanafunzi, safari yake jijini Kampala. Mjenzi hukwangua kilima, akang'oa nyasi zote kwa mkupuo mmoja, akalundika mchanga kando ya barabara. Mvua ya Aprili inyeshapo, maji hushuka yakiwa mekundu, yamebeba tope, saruji na mafuta ya mashine. Yale ya upande wa Nakivubo huingia katika mfereji mkuu, hupita kwenye kinamasi, kisha humwagika katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Na ni katika ghuba hiyo hiyo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya wakazi wa jiji.

Isitoshe, tope huziba njia. Mtaro uliojaa mchanga haupitishi maji, nayo maji hayasubiri: huingia katika nyumba za mabondeni, kama wajuavyo vyema wakazi wa Bwaise.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aibu yetu ni kwamba aachaye ufa siye ajengaye ukuta. Mwenye jengo hupata kodi ya pango. Jirani wa bondeni hupata mafuriko. Mlipa kodi hugharimia kuzoa tope. Na mnunuzi wa maji hulipia shabu na kazi ya kuyasafisha.

Nitaambiwa kwamba mvua ni kazi ya Mungu. Naam, mvua ni ya Mungu, lakini tope ni la mwenye kiwanja. Nitaambiwa kwamba maji ya vyoo na takataka huchafua pia. Ni kweli, ila kosa la jirani halifuti langu. Nitaambiwa kwamba kinga ni ghali. Ni ghali kuliko ghorofa? Turubai juu ya mchanga, ukanda wa nyasi ulioachwa upande wa chini, shimo la kutuamisha tope, na kokoto langoni za kufuta magurudumu ya malori: hayo yote mjenzi anayamudu.

Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila raia haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 nayo inashikilia kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Basi Mamlaka ya Jiji la Kampala ikague kinga hizo kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, na isimamishe ujenzi pale zinapokosekana. Kuzoa tope baada ya mafuriko ni kumsamehe mkosaji kwa fedha za aliyekosewa.