Acheni Kumcheka Mpemba



Kuna kifungu katika fomu ya mfuko wetu wa elimu ambacho kinanikera kila mwaka, na safari hii sitanyamaza. Kinamtaka mwombaji aeleze "manufaa ya moja kwa moja" ya masomo yake kwa jamii. Kwa kifungu hicho tumewalipia karo wanaosomea uuguzi, uhasibu, kompyuta na uhandisi, jambo ambalo ni jema. Kwa kifungu hichohicho tumewarudisha mikono mitupu wale wachache waliothubutu kuandika kwamba wanataka fizikia ya nadharia. Mwaka huu amerudishwa binti mmoja wa Kanda ya Ziwa mwenye shahada ya kwanza nzuri, aliyekwisha kubaliwa kusoma shahada ya uzamili. Alitaka nadharia ya uga wa kwanta, na hasa tabia ya maada iliyomo ndani ya nyota zilizokufa. Barua yake iliposomwa, ukumbi ulicheka. Nilikuwepo. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliuliza, "Sasa akimaliza atakwenda kuzihesabu wapi hizo nyota, Sengerema?" Watu wakacheka tena, kikao kikaendelea na ajenda ya ukumbi wa sikukuu.

Kicheko hicho si kigeni kwetu. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, akaogopa kuikosa, akayatia yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Aliporudia swali akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, likawa dhihaka ya darasa: kosa lolote la hesabu likaitwa la Mpemba. Aliyemsikiliza ni Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyerudi maabara na kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja.

Kuhusu maji yenyewe wataalamu wanabishana hadi leo, na wapo waliopima kwa makini wasilione jambo hilo. Lakini swali la kijana yule limefika mahali ambapo waliomcheka wasingeota. Mwaka 2023 wananadharia, wakiwemo wa Trieste nchini Italia, walionyesha kwa hesabu kwamba mkusanyiko wa chembe za kwanta ulioanza mbali zaidi na hali ya utulivu unaweza kuifikia hali hiyo kabla ya ule ulioanza karibu. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walilishuhudia jambo hilo katika chembe chache zenye chaji zilizonaswa maabara. Wanaliitaje? Athari ya Mpemba ya kwanta. Ndiyo, ndugu zangu: ndani ya utafiti uleule tulioucheka ukumbini mna jina la Mtanzania, na nina hakika nusu yetu hatukulijua.

Basi tujue angalau tunachokicheka. Uga ni ule uwanja mbele ya nyumba, na neno hilohilo hutumika katika fizikia, kama tunaposema uga wa sumaku. Nadharia ya uga wa kwanta inasema kwamba nyuga za namna hiyo zimeenea ulimwengu mzima, na kila chembe, iwe elektroni au nyingine yoyote, ni mtikisiko katika uga wake, kama wimbi lilivyo la bahari: huwezi kulichota wimbi ukaiacha bahari. (Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi mambo haya, naomba watafute kisingizio kingine.)

Sasa hiyo nyota. Nyota kubwa inapokufa huweza kuacha kiini kilichosongamana mno, chenye maada nyingi kuliko Jua letu, ndani ya mpira wenye upana wa kilomita 24 hivi. Hiyo haifiki hata safari ya basi kutoka Posta hadi Kibaha. Kijiko kimoja cha chai cha maada hiyo kingekuwa na uzito wa zaidi ya tani bilioni 1. Sehemu kubwa yake ni nyutroni, zilezile zilizomo katika kiini cha atomu za miili yetu. Hakuna atakayekwenda kuchota. Je, tutajuaje tabia yake?

Mwaka 1999 mwanafizikia wa Marekani, George Bertsch, aliwatolea wenzake swali. Nguvu inayovuta nyutroni mbili haifiki mbali, lakini nyutroni hizo huathiriana kana kwamba inafika mbali mara nyingi zaidi. Akasema: tuchukulie mambo hadi ukomo, nguvu isiyofika popote lakini yenye athari isiyo na mwisho. Gesi ya chembe za namna hiyo ingekuwa na nishati kiasi gani, tukiilinganisha na gesi ambayo chembe zake hazijaliani kabisa? Jibu lazima liwe namba moja tu, iwe ni nyutroni au chembe nyingine za jamii yake, kwa sababu katika hali hiyo aina ya chembe haina maana tena. Swali la karatasi, jamani. Lingesomwa ukumbini kwetu tungekufa kwa kicheko.

Muda si muda watu wa maabara wakagundua kwamba gesi hiyo inaweza kutengenezwa. Unachukua atomu za lithiamu, unazinasa kwa leza ndani ya chombo kisicho na hewa, unazipooza hadi zibakiwe na chini ya sehemu 1 ya milioni ya digrii juu ya sifuri kamili, yaani karibu nyuzi 273 chini ya kiwango cha barafu. Kisha unarekebisha sumaku, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio, hadi atomu ziathiriane kama Bertsch alivyosema. Mwaka 2002 maabara ya Chuo Kikuu cha Duke ilipata gesi ya namna hiyo. Mwaka 2011 wananadharia walikokotoa namba ile kwa kompyuta, wakapata 0.372. Mwaka 2012 kundi la MIT liliipima, likapata 0.376. Nyutroni halisi zinaikaribia tu hali hiyo, pale zilipotawanyika zaidi, kwenye gamba la nyota. Hata hivyo, kipimo kilichofanyika juu ya meza, kwa gesi ambayo ungeipuliza ikapotea, kimetueleza jambo kuhusu nyota ambayo hakuna chombo kitakachowahi kuigusa. Mimi hili linanikosesha usingizi, na si kwa wasiwasi.

Kuna jingine la aina hiyo. Katika maabara ya Brookhaven, karibu na New York, viini vya dhahabu viligonganishwa hadi kuzaa ujiuji wenye joto la digrii trilioni kadhaa. Mwaka 2005 walitangaza kwamba ujiuji huo unatiririka kwa mnato mdogo ajabu. Gesi ile ya lithiamu, iliyo miongoni mwa vitu baridi kuliko vyote, inatiririka karibu vivyo hivyo. Waliosaidia kueleza kwamba huenda upo ukomo wa udogo wa mnato ni wananadharia watatu, katika makala ya mwaka huohuo, na mmoja wao ni Dam Thanh Son, aliyezaliwa Hanoi.

Na hapo ndipo ninapotaka kugombana nanyi. Tunazungumza kana kwamba nadharia ni mchezo wa watoto wa matajiri. Basi tuwaangalie wanaoucheza. Gesi baridi za chembe za jamii nyingine zinatokana na wazo la Satyendra Nath Bose, mwalimu wa chuo kikuu cha Dhaka wakati Bengali ikiwa koloni la Mwingereza. Mwaka 1924 alimtumia Einstein makala yake kwa posta. Maabara zilihitaji miaka 71 kulifikia wazo hilo. Gesi ya kwanza ya namna hiyo ilipatikana Colorado mwaka 1995. Mwaka 2018 Medali ya Dirac ilitolewa Trieste kwa watu watatu kwa kazi zinazohusu mikusanyiko ya chembe nyingi za kwanta: Son wa Hanoi, Subir Sachdev aliyezaliwa New Delhi, na Xiao-Gang Wen aliyezaliwa Beijing. Wazungu wako wapi hapo?

Kituo cha Trieste chenyewe kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mtoto wa Jhang, Pakistani. Salam alirudi kwao mwaka 1951 kufundisha Lahore, na kufikia 1954 alikuwa amerudi Uingereza kwa sababu alikuwa peke yake, bila wenzake wa kuzungumza nao fizikia. Tuzo ya Nobel aliyopata mwaka 1979 ilitokana na kazi ya nadharia za uga. Yeye alikuwa mtu wa ughaibuni kama sisi, na alichokifanya ni kuwatengenezea wa nyumbani mahali pa kuja kufanya kazi na kurudi makwao. Tangu mwaka 2018 kituo hicho kina taasisi mshirika Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Kutoka Mwanza hadi Kigali kunafikika kwa basi.

Sayansi iliyo ghali ni ya vyombo. Mtu wa nadharia anahitaji chakula, kompyuta, intaneti isiyokatika, mwalimu, na miaka kadhaa ya kutosumbuliwa. Kwa mfuko mdogo kama wetu, niambieni ni sayansi gani nyingine tunayoimudu?

Najua nitaambiwa kwamba nyumbani kuna zahanati zisizo na dawa. Kweli. Lakini mfuko huu haununui dawa, unalipa karo, kwa hiyo tulinganishe karo na karo. Na hayo manufaa ya moja kwa moja tuyaseme yote: wauguzi wangapi tuliowasomesha tumekwenda kuwapokea Heathrow? Siwalaumu hata kidogo, wengi wetu hapa tulianza kwa kubeba maboksi tukiwa na vyeti mfukoni. Ila tusijifanye kwamba kozi ya uuguzi ina kamba inayomfunga mtu Geita.

Wengine wananishauri nijitetee kwa njia rahisi, niseme kwamba waliofunzwa hesabu hizi huajiriwa na mabenki na kampuni za kompyuta. Ni kweli wapo wanaokwenda huko. Lakini siombi fedha kwa hoja hiyo, wala sitamdanganya mtu kwamba nyota ya nyutroni italeta umeme Sengerema. Naomba kwa sababu binti huyu anataka kujua maada imeumbwaje, ana akili ya kulifanya hilo, na wanaofanya kazi hiyo sasa hivi wametoka Hanoi na New Delhi.

Hoja yangu nimeikabidhi kwa katibu. Inataka maneno "manufaa ya moja kwa moja" yafutwe kwenye fomu, na barua ya binti isomwe upya katika mkutano mkuu, safari hii hadi ukurasa wa mwisho. Katiba yetu inadai waungaji mkono wawili. Nimempata mmoja, na ni yule mzee wa Sengerema.