Vifaranga twagawana, chanjo je?

Asubuhi hizi ukipita vichochoro vya mtaani kwetu Kisauni, kuna jambo utalihisi kabla hujaambiwa: mabanda yako kimya. Wiki iliyopita nilimkuta bi mkubwa mmoja, jirani yetu, ameketi barazani na tembe wake mapajani, shingo imempinda akitazama juu. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake. Mmoja akasema shubiri. Mwingine mwarubaini uliotwangwa na pilipili. Wa tatu akakimbilia nyumbani kuleta vidonge alivyobakisha alipougua kifua. Tembe akafa usiku uleule, na kufikia Ijumaa nyumba ile haikuwa na kuku hata mmoja.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Kuna wauitao kideri, kuna wauitao mdondo, na kwenye agroveti wanaujua kwa jina la Newcastle, mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Mwaka huohuo uliripotiwa pia kisiwani Java. Kuku anasinzia, anahara kijani, anapumua kwa taabu, mabawa yanaanguka, kisha shingo inapinda. Ni ugonjwa wa virusi, kwa hivyo antibiotiki haiuwezi, iwe ya kuku au ya binadamu. Ukiingia kwenye banda lisilochanjwa waweza kulimaliza karibu lote kwa siku chache. Sina ugomvi na shubiri wala mwarubaini, nami nimekulia humo, lakini kideri hakina tiba. Kina chanjo tu.

Wazee wetu wasema waletwa na upepo. Mimi naona mara nyingi twauleta wenyewe, tena kwa wema.

Ufugaji wa nyuma ya nyumba hapa Pwani haujengwi kwa pesa, wajengwa kwa kupeana. Koo wako akiatamia, jirani huja na mayai yake manne akuombe uyaweke chini yake. Shangazi akija kutoka Kaloleni haji mikono mitupu, huja na mtetea kafungwa miguu kwa kamba ya mnazi. Mwenye jogoo mzuri humtoa kwa wiki mbili akapande nyumba ya pili. Yupo pia anayempa mwenzake kuku amfugie, vifaranga wakitoka wagawane nusu kwa nusu. Siku hizi kuna na mashine za kuangulia, ambapo mayai ya nyumba kumi hulala kwenye trei moja. Hivi ndivyo mjane asiye na shilingi hupata kuku watano kwa mwaka mmoja. Sitaki tuiache desturi hiyo.

Lakini kuku aliyeambukizwa huenda akakaa siku tano au sita, wakati mwingine hata wiki mbili, kabla hajaonyesha dalili. Siku hizo zote anakula na kunywa na wenzake. Mwaka juzi nilirudi kutoka arusini Kwale na vifaranga wanane niliotunukiwa, wazuri, macho makavu, nikawachanganya na wa mama yangu siku hiyohiyo kwa sababu giza lilikuwa linaingia na sikutaka kuhangaika na banda la pili. Siku ya tisa tukaanza kuokota mizoga. Mama alikuwa na kuku 14, akabakia na jogoo mmoja mwenye shingo ya upande. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Siku hizi mgeni akija nyumbani kwetu, yaani mgeni wa kuku, hukaa kwenye kreti ya soda upande wa pili wa ua kwa wiki mbili, na maji yake mbali.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi barazani. Sisi Waislamu hatuli kibudu, basi mtu akiona kuku wameanza kusinzia, huwahi kisu. Hiyo ni ya mwenyewe na nyumba yake, ingawa manyoya na matumbo yakitupwa jalalani, mbwa na kunguru watayasambaza mtaa mzima. Ubaya ni yule anayewatia kwenye tenga alfajiri akawahi nao sokoni Kongowea, awauze kabla hawajaanguka. Anayenunua naye ana banda kwake. Huyo ameuza ugonjwa kwa bei ya kuku, na hakuna asiyejua hukumu ya kuficha aibu ya bidhaa.

Basi kwa nini hatuchanji? Wengi hujibu kwamba chanjo ni ghali. Nilienda kuuliza. Chupa ndogo niliyoikuta ilikuwa ya kuku 100, na bei yake haikufika ya jogoo mmoja. Tatizo si bei, ni hesabu. Mwenye kuku saba atafanya nini na chanjo ya kuku 100? Ni chanjo hai, hukaa kwenye baridi, na ukishaichanganya yakupasa uimalize kwa saa chache, haiwekwi kesho. Mtu anapiga hesabu ya matone 93 yatakayomwagwa, anaona ni israfu, anarudi nyumbani na pakiti ya antibiotiki. Chupa ile ilipimwa kwa ajili ya mfugaji mkubwa. Sisi wa kuku sabasaba twaimudu tukiwa pamoja tu.

Hapa ndipo ninapoziuliza kaunti zetu. Kwa Katiba ya 2010, huduma za mifugo na za daktari wa mifugo ni kazi ya kaunti, na tangu 2013 ziko mikononi mwao. Tunachokiona mara nyingi ni hafla: hema, viti vya plastiki, makundi ya akina mama yakipokea vifaranga, picha, kisha gari linaondoka. Vifaranga vile vyahitaji chanjo ya kideri tangu wiki za mwanzo, na ya gumboro, kisha ya ndui, na kideri tena kila baada ya miezi mitatu au minne. Nani amebaki na ratiba hiyo? Kifaranga wa hafla asiyefuatwa na chanjo ni mzigo aliotupiwa mama wa watu, naye atalaumiwa kwamba hakujua kufuga. Wenzetu Tanzania wanatengeneza chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko zile za kawaida, na vijijini wamefunzwa watu wa papo hapo kupita nyumba kwa nyumba kuchanja kwa malipo madogo. Afisa mmoja wa kaunti hawezi kuufikia kila ua wa Kisauni. Vijana wawili wa mtaa waliofunzwa wanaweza.

Hatukungoja. Jumamosi iliyopita nyumba tisa zisizo na kuku mgonjwa tulichanga, kijana mmoja akaileta chupa ndani ya thamosi yenye barafu. Tulianza baada ya sala ya alfajiri, kuku wakiwa bado ndani, maana wakishatoka huwashiki. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mifugo alituonyesha: tone moja jichoni, ungoje kuku apepese, kisha umwachie, nawe usijifute macho kwa mkono uleule kwani yatawasha na kuwa mekundu. Kuku 86, saa moja na nusu. Yaliyosalia tukayatupa, na wala hayakumuuma mtu.

Nyumba ya kumi ilikataa. Bwana yule alisema kuku wake ni wazima, kwa nini awatie dawa. Siku tatu baadaye kuku wetu kadhaa walipiga chafya, kama inavyotokea kwa chanjo hii, naye akapita kila baraza akisema si aliwaambia. Mzee ametutaka tusubiri wiki mbili ndipo tupokee vifaranga wapya. Mama yangu tayari ameahidiwa watano kutoka Likoni, na kila jioni aniuliza zimebaki siku ngapi.