Tarakilishi Haijui Fizikia

Wenzangu, siku hizi ati ukishaipa tarakilishi vipimo ikachora uso laini, kazi imekwisha! Mimi nakataa katakata.

Tuchukue ukinzani wa waya. Unategemea urefu na unene, kwa hivyo grafu yake si mstari bali ni uso, mfano wa shuka iliyotandazwa juu ya vijiti. Nyaya tatu za unene tofauti, kila moja kwa urefu wa aina tatu: vipimo 9. Programu kama gnuplot haichagui fomula. Wewe ndiwe unayeiandikia. Iandikie yenye vipeo vya pili na vigezo 9, na uso utapita kila nukta, hata ile tuliyoisoma vibaya! Halafu urudishe uso huo hadi urefu sifuri: huenda ukakuta waya usiokuwepo una ukinzani. Vioja hivyo!

Fomula ya darasani (urefu gawa kwa eneo la mkato, mara namba ya madini yenyewe) ina kigezo 1 tu. Haigusi kila nukta, naam, lakini pengo kubwa hutuonyesha kipimo cha kurudiwa. Walimu wetu wapendwa, mbona basi alama huenda kwa grafu maridadi? Aliyeonyesha mapengo yake akayaeleza naye apewe haki yake.