Jaribio la Kazi Lisiwe Mtego



Miongoni mwa kazi ambazo vijana wetu wa Lubumbashi, Goma na Bukavu wanazitafuta leo kwa njia ya intaneti, imo ile ya kuboresha tovuti ili zionekane mapema katika majibu ya Google. Kazi hiyo haina leseni inayotambuliwa na wote. Kwa hiyo mwajiri humpa mwombaji jaribio. Sisi tunaona kwamba kujaribiwa ni haki, maana humfungulia mlango hata asiye na diploma wala ndugu ofisini. Lakini si kila jaribio ni la haki.

Lipo jaribio lisilopima kitu: kumwuliza mtu maana ya istilahi anazoweza kuzikariri usiku mmoja. Lililo jema humwekea mwombaji tatizo. Ukurasa uliokuwa na wasomaji wengi umetoweka ghafla katika majibu ya Google: ungeanza kutazama wapi? Mwenye ujuzi hakimbilii kuongeza maneno. Hutazama kwanza kama faili ya robots.txt inaizuia Google isiusome ukurasa huo, au kama fundi amesahau kuondoa alama ya noindex. Kisha huuliza kama anwani ilibadilishwa pasipo kuwaelekeza wageni kwenye anwani mpya. Hatimaye huchunguza kama yaliyoandikwa bado yanajibu swali la msomaji. Utaratibu huo wa fikra hupatikana kwa mazoezi tu.

Jaribio jema hupima pia uaminifu. Mteja akidai kushika nafasi ya kwanza kwa juma moja, mwombaji atamjibu nini? Google yenyewe huonya kwamba hakuna awezaye kuahidi nafasi hiyo. Tena mnamo Aprili 2012 ilileta badiliko lililoitwa Penguin, nalo likaziporomosha tovuti nyingi zilizojipandisha kwa viungo vya kununuliwa na kwa hila nyingine. Anayeahidi lisilowezekana ili aajiriwe, kesho atamtia mteja hasara.

Limebaki jambo zito zaidi, nalo ni jasho la mwombaji. Wako waajiri wanaodai uchunguzi wa tovuti yao nzima, kazi ya siku kadhaa, bila malipo, nao huuita jaribio. Waombaji watano wakipewa kila mmoja sehemu yake, kazi yote imekwisha, na pengine hakuna aliyeajiriwa. Kwetu, ambako kijana hununua mega kwa fedha ya chakula, huo ni unyonyaji. Mtu atasema: mwajiri hana budi kuona kazi kabla ya kuajiri. Ni kweli; lakini saa mbili juu ya tovuti ya mfano zinamtosha kuiona.

Basi, kabla ya kukubali, ulizeni mambo matatu kwa heshima: jaribio litachukua saa ngapi? Tovuti ni ya nani? Kazi yetu ikitumiwa, italipwa? Mwajiri anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuonyesha jinsi atakavyowatendea mkiwa kazini. Nanyi katika vikundi vyenu, fanyeni mazoezi wawili wawili, mmoja akiwa mtahini na mwingine mwombaji, mkibadilishana zamu, hata kila mmoja aweze kueleza bila woga anachokijua, na kukiri asichokijua.