Kabla ya kupandisha kifurushi, chungulia nyuma ya runinga

Katika nyumba nyingi za Nairobi, Nakuru, Mombasa na Kisumu, saa mbili za usiku imekuwa saa ya ugomvi. Baba amerudi kazini, mama amemaliza shughuli za jikoni, watoto wamekaa mkao wa kula mbele ya runinga, na filamu iliyongojewa tangu Jumatatu ndiyo kwanza inaanza. Haijatimia robo saa, uso wa mwigizaji unageuka kuwa vibokisi vibokisi, kisha kile kiduara kinachozunguka kinatokea katikati ya kioo. Lawama zinaanza. Kifungua mimba anaambiwa aache kucheza na simu. Kampuni ya intaneti inatukanwa ingawa haisikii. Mwisho wa mwezi, mzee wa nyumba anaamua kulipia kifurushi kikubwa zaidi, na pesa hizo za ziada zinatoka katika mfuko uleule wa karo na unga. Picha nayo inabaki vilevile.

Hilo la pesa ndilo lililonifanya nichukue kalamu juma hili. Kuna nyumba zilizopandisha kifurushi mara mbili ili kutibu ugonjwa ambao haukuwa katika kifurushi hata kidogo.

Walioishi enzi za eriali juu ya paa wanakumbuka jinsi upepo ulivyoipeperusha na picha ikajaa chenga. Kijana alitumwa juu kuizungusha huku wengine wakipiga kelele kutoka sebuleni, "Hapo hapo! Rudisha kidogo!" Enzi hizo zilifikia kikomo mwaka wa 2015, Kenya ilipozima mitambo ya analogia. Picha ijayo kwa intaneti ina desturi tofauti kabisa. Kampuni inayoonyesha filamu huihifadhi kwa nakala nyingi, kuanzia hafifu hadi angavu kupindukia, na kila nakala hukatwa vipande vya sekunde chache chache. Runinga yako huagiza kipande kimoja baada ya kingine, na kila mara hujiuliza: kile kilichopita kilifika upesi au kilichelewa? Kikichelewa, kijacho huagizwa kutoka nakala hafifu. Ndiyo sababu picha hufifia ghafla, ikakaa hivyo dakika moja au mbili, kisha ikang'aa tena bila mtu kugusa chochote. Runinga imeamua kwamba heri kuonyesha vibaya kuliko kuganda. Kiduara huja pale hata nakala hafifu inaposhindwa kufika kwa wakati.

Je, kasi inayohitajika ni kiasi gani? Netflix, ambayo iliingia nchini Januari 2016, hupendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720, megabiti 5 kwa picha ya 1080, na 15 kwa ile ya 4K. YouTube hutaja karibu 5 kwa 1080 na 20 kwa 4K. Soma tena tarakimu hizo, kisha utoe mkataba wako kabatini. Ikiwa unalipia megabiti 15, filamu ya 1080 inahitaji theluthi moja tu ya kasi hiyo. Theluthi mbili zilizobaki zimekwenda wapi?

Hapa lazima nitoe tahadhari kidogo. Kasi huhesabiwa kwa megabiti, lakini mzigo wenyewe huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Filamu inayokuja kwa megabiti 5 kwa sekunde itakula kama gigabaiti 2 na robo kwa saa. Netflix yenyewe hukadiria hadi gigabaiti 3 kwa saa kwa picha nzuri na 7 kwa 4K. Kwa mwenye waya wa fiba nyumbani hizo si habari za kumkosesha usingizi, ila anayewasha runinga kwa bando za simu ataona bando la siku nzima likiyeyuka kabla filamu haijafika katikati.

Turudi kwenye theluthi mbili zilizopotea. Njia ya kuzisaka ni rahisi na haina gharama. Fungua simu yako, ingia fast.com, ukurasa wa kupimia kasi ambao ni wa Netflix wenyewe, na upime mara tatu. Kwanza simama hatua moja kutoka kwenye rauta, saa za asubuhi. Pili, nenda mahali runinga ilipo, bado ni asubuhi. Tatu, rudi karibu na rauta saa tatu za usiku. Andika tarakimu zote tatu kwenye karatasi. Ukipata 14 karibu na rauta na 3 kwenye runinga, ugonjwa umo ndani ya nyumba yako, na hakuna kifurushi kitakachouponya. Ukipata 14 asubuhi na 2 usiku mahali palepale, na hakuna mwingine nyumbani anayetumia, basi ugonjwa uko nje, na karatasi hiyo ndiyo ya kuisomea kampuni unapopiga simu kulalamika. Kwa uzoefu wangu, mwenye tarakimu na saa husikizwa kuliko mwenye hasira.

Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe na saruji yenye vyuma ndani. Mawimbi ya Wi-Fi huchoka yakipita ukuta mmoja, na yakifika wa tatu huwa yamekwisha kabisa. Sasa fikiria fundi alipokuja kuweka intaneti: aliifunga rauta pale waya ulipoingilia, mlangoni au kwenye chumba cha kulala cha mbele, akatia sahihi akaenda zake. Baadaye mama akaona kidude hicho kinaharibu sura ya nyumba, akakitia ndani ya kabati. Wengine wamekificha nyuma ya runinga yenyewe, ambayo mgongo wake una bamba la chuma, au nyuma ya friji. Kiondoe huko. Kiweke mahali pa wazi, juu kidogo, karibu na katikati ya nyumba iwezekanavyo. Najua hakipendezi. Hata eriali haikuwa pambo.

Rauta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na yamejaa watu. Katika ploti ya orofa sita, kila jirani ana rauta yake, na mawimbi hayo yana njia tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Ni kama matatu arubaini katika barabara yenye njia tatu. Isitoshe, jiko la maikrowevu hutumia mawimbi ya papo hapo, kwa hivyo usishangae filamu ikikwama mtu anapopasha chakula. Mawimbi ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa na kasi zaidi, ila hayapendi kuta. Ikiwa runinga na rauta ziko chumba kimoja, iunganishe na hayo ya 5. Mara nyingi huonekana kama jina la pili la Wi-Fi lenye tarakimu 5 mwishoni.

Hata hivyo, dawa niipendayo kuliko zote ni waya. Nunua waya wa mtandao wa aina ya Cat 5e au Cat 6, urefu unaotosha kutoka rauta hadi runinga, uchomeke pande zote mbili na uuzungushe ukutani kwa misumari midogo. Runinga nyingi zina tundu lake nyuma, ambalo wenyewe hawajawahi kuliangalia. Mjuaji mmoja atakuambia kwamba tundu hilo hupitisha megabiti 100 pekee. Ni kweli kwa runinga nyingi, lakini filamu ya 4K inataka 15 au 20, kwa hivyo mwache aendelee na ujuaji wake. Waya haujali ukuta, jirani wala maikrowevu.

Ukishamaliza hayo na bado picha ni ya ukungu, angalia kama hukununua ukungu huo mwenyewe. Vifurushi vya kampuni za filamu hutofautiana kwa picha: kile cha simu pekee cha Netflix, kwa mfano, huishia 480, hata ukiwa na fiba inayotiririka kama mto Tana. Vilevile, katika akaunti yako kuna mahali pa kuchagua kiasi cha data kwa kila kioo. Huenda kijana wako alipunguza enzi mlipotumia bando, na hakuna aliyekumbuka kupandisha. YouTube nayo ina kigurudumu cha mipangilio. Kikiachwa kwenye "Auto" huamua chenyewe.

Kisha kuna vile visanduku vya bei nafuu vinavyouzwa Luthuli Avenue na kwingineko vikiwa vimeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Kampuni za filamu hulinda mali yao kwa kufuli za kielektroniki, na kifaa kisicho na idhini ya Widevine L1 hupewa nakala hafifu tu, mara nyingi 480. Kisanduku kina uwezo wa 4K, sawa, lakini hakuna atakayekikabidhi filamu hiyo. Muulize muuzaji kabla ya kutoa pesa, na mwambie akuonyeshe dukani. Na kisanduku cha kweli cha 4K nacho kikichomekwa kwenye tundu la HDMI la zamani lisilojua HDCP 2.2, hakitaonyesha 4K. Jaribu matundu mengine ya runinga kabla ya kukirudisha.

Na je, unahitaji hiyo 4K? Kwa maoni yangu, nyumba nyingi haziihitaji. Runinga nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768, kwa hivyo hata picha ya 1080 haienei humo. Runinga ya inchi 43 ikiwa mita mbili na nusu kutoka kwenye kochi, ni vigumu kwa macho ya kawaida kutofautisha ukali wa 1080 na wa 4K, ingawa ya pili ina nukta mara nne. Anayelipia kifurushi cha juu kwa runinga kama hizo anawanunulia majirani hadithi ya kusimulia.

Kuna jambo moja la bure ambalo hubadilisha picha kuliko fedha nyingi. Runinga hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa zing'ae dukani, penye taa kali. Ingia mipangilio ya picha, uondoe "Vivid", uchague "Cinema" au "Filmmaker Mode" ikiwepo. Punguza "Sharpness" mpaka nywele za watu ziache kuonekana kama nyaya. Zima ule ulainishaji wa mwendo unaofanya filamu ionekane kama mchezo wa kuigiza wa mchana. Filamu nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde, na runinga hubuni zingine katikati. Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise alitoa video nzima akiwasihi watazamaji wauzime. Siku ya kwanza picha itaonekana imepooza. Wavumilie watoto wakilalamika hadi siku ya tatu.

Kwa wanafunzi, hesabu ni nyingine. Mhadhara wa hesabu au kemia kwenye YouTube hauna haja ya 1080, lakini ukishuka hadi 360 alama ndogo za juu ya tarakimu hazisomeki, na hapo ndipo mtu hunakili x mraba kama x mara mbili. Chagua 720, ambayo YouTube huihesabia megabiti 2 na nusu. Katika hosteli ambako Wi-Fi moja huhudumia vyumba ishirini, amka saa kumi na moja alfajiri uipakue video kwenye simu. Nyumbani nako, mzazi, mtihani ukikaribia, hiyo megabiti 2 na nusu ya mtoto itangulie filamu yako. Wala si filamu pekee inayokula kasi: simu zinazopakia picha za harusi usiku, na michezo ya kompyuta inayojisasisha yenyewe, huchota kimyakimya. Ziweke zifanye hivyo saa nane za usiku.

Mara nyingine hakuna la kufanya. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku kama hizo, iteremshe picha mwenyewe hadi 480 ili angalau isigande, au mcheze karata.

Na mwisho, kuna wale wanaotafuta vichekesho vya zamani vya Vioja Mahakamani kwenye YouTube, kisha wananiuliza mbona picha ni mbaya ilhali wana fiba. Vipindi vya enzi hizo vilinaswa kwa kanda, kwa mtindo wa PAL, wenye mistari 576 tu ya picha inayoonekana. Nukta ambazo kamera haikuzinasa, fiba haiwezi kuzileta. Zima lights za sebuleni zinazomulika kioo, sogeza kochi nyuma kidogo, na usiinyooshe picha hiyo ya mraba ijaze kioo kizima, maana hakimu ataonekana mnene kuliko alivyokuwa.