Swali la Mtoto Ukingoni mwa Ngorongoro



Ndugu Waislamu, katika likizo iliyopita tulifuatana na watoto wa madrasa hadi Ngorongoro. Ukishapita lango la Lodoare gari hupanda msituni ndani ya ukungu, kisha ghafla miti hufunguka ukajikuta ukingoni. Chini yako, kina cha mita 600 hivi, umetandazwa uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260, Ziwa Magadi likimeta katikati na nyati wakionekana kama chembe za pilipili manga. Watoto wetu, ambao si wanyamavu hata kidogo, walinyamaza. Wengine tuliwasikia wakitamka Subhanallah bila ya kuambiwa.

Muongozaji akawaeleza kwamba pale ulisimama mlima mkubwa wa volkano. Zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, mawe yaliyoyeyuka chini yake yalipotoka, kilele kilikosa cha kukishikilia, kikadidimia. Mtoto mmoja wa miaka 11 akamgeukia ustadhi: "Ustadhi, miaka hiyo imo katika dini yetu?" Akaambiwa anyamaze, hayo ni maneno ya makafiri. Hakuuliza tena pale.

Sisi hatukuridhika, nasi twasema haya kwa heshima. Qur'ani Tukufu haikutaja umri wa ardhi. Imetaja siku 6 za uumbaji, na katika Suratul Hajj twafahamishwa kuwa siku moja kwa Mola ni kama miaka 1,000 ya hesabu yetu. Suratul Maarij imetaja siku ya miaka 50,000. Basi ni nani aliyetukabidhi sisi kalamu ya kuweka mpaka? Suratul Ghashiya yawataka watu waitazame milima ilivyosimamishwa, na mwenye kutazama kwa makini hakosi kuuliza.

Wanaodhani elimu ya mawe ni ya Wazungu peke yao wamewasahau wahenga wetu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliona kule India kwamba mawe ya karibu na milima ni makubwa na ya mviringo, na kadiri mito inavyokwenda mbali yanakuwa madogo hadi kuwa mchanga. Akahitimisha kuwa nchi ile ilikuwa bahari iliyojazwa na mito. Ibn Sina naye (wanazuoni walimkosoa katika mengine, hilo twalijua) aliandika kwamba milima hutokana na kuinuka kwa ardhi kwa matetemeko na kuchimbwa na maji kwa muda mrefu mno.

Mtoto yule atayasikia hayo hayo shuleni. Akishafundishwa kwamba dini huogopa swali lake, atalazimika kuchagua kati ya mwalimu na ustadhi, na sisi twahofia chaguo lake.

Wazazi, wapelekeni watoto; ada ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni. Ila msifanye kama familia tuliyoikuta pale, redio juu hadi adhuhuri ikawapita.

Tulipokwisha kuswali Karatu tulimwita mtoto yule, tukamsimulia habari za Al-Biruni. Akauliza kwa nini mawe ya mtoni huwa ya mviringo. Ustadhi, aliyekuwa akisikiliza kando, akasogea akaketi karibu naye, na ndiye aliyemjibu.