Twendeni Tukayaone Magari ya Zamani

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Nina jambo linalonikereketa maini.

Wiki ya pili ya muhula huu, mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alituuliza swali moja tu: ziara ijayo ya chama iwe wapi? Hata hakumaliza, sauti zikapaa, "Fort Jesus! Fort Jesus!" Mimi nikainua mkono nikasema, "Mwalimu, twende tukatazame mbio za magari ya zamani." Darasa zima likaangua kicheko. Mvulana mmoja wa Kidato cha Nne akaniuliza, "Kwani dada, wewe wataka kuwa makanika?" Nilikaa chini na aibu zangu. Maneno yaliyonikwama kooni siku ile ndiyo niliyoyaleta hapa, maana karatasi haimcheki mtu.

Kwanza nieleze ninachokisema, kwa sababu wengi walicheka bila kujua. Tangu mwaka wa 2003 nchini mwetu kumekuwa na mashindano yaitwayo East African Safari Classic Rally. Si mbio za magari mapya. Ni mbio za magari ya miaka ya sitini, ya sabini na ya mwanzo wa themanini: Datsun, Ford Escort, Porsche 911 na mengine ya rika hilo, yanayorudi katika barabara za vumbi zilizoyapa sifa. Hayaendi kutwanga lami. Yanapita vijijini, mbugani na milimani, na milima yetu ya Taita imekuwa njia ya mbio hizi tangu zama za wazee wetu. Hapa Voi sisi tumekaa mlangoni kabisa.

Huko Ulaya watu hupanga ziara za namna hii miezi mingi kabla. Uingereza kuna Goodwood, uwanja uliotumiwa kwa mbio tangu 1948 hadi 1966, na tangu 1998 watu hukusanyika pale kila mwaka wakiwa wamevaa nguo za enzi za babu zao kuyatazama magari ya wakati huo. Ufaransa kuna Le Mans Classic, iliyoanza 2002. Italia kuna Mille Miglia, mbio za barabarani zilizokimbizwa kati ya 1927 na 1957, ambazo sasa ni msafara wa magari ya kale. Watu huweka akiba, hukata tiketi, hupanda ndege. Sisi historia inapita kando ya shamba la mahindi na tunaifungia dirisha kwa sababu ya vumbi!

Sasa historia yenyewe. Safari ilianza mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka wa 1960 ikaitwa East African Safari, na tangu 1974 ikajulikana kuwa Safari Rally. Zamani ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, tena wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Mwaka wa 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka wa 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 vilevile, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Msomaji, hebu fikiri: magari zaidi ya sabini yamelala topeni, yamevunjika, yamesombwa au yamekata tamaa. Ndiyo maana dunia iliogopa jina la Safari. Na jina lenyewe ni neno letu. Hawakulitafsiri. Walilichukua hivyo hivyo wakalibandika kwenye magari yao. Chama cha Kiswahili kisipolijali neno hili, nani alijali?

Yuko Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye watu walimwita Simba. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Yuko Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Yuko Ian Duncan, aliyewashinda wageni mwaka wa 1994. Hawa hatuwasomi popote. Ukiuliza darasani nani alikuwa Joginder Singh, utajibiwa ni mwenye duka la vipuri.

Lakini sikuandika makala haya kwa sababu ya Joginder. Nimeandika kwa sababu ya babu yangu.

Mwaka wa 1974 babu alikuwa na miaka kumi na sita, umri wangu huu. Pasaka hiyo mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Yeye na wenzake walitoroka ibada wakaenda kusimama kando ya barabara. Gari moja likaja likazama topeni hadi kwenye milango. Vijana wakaingia, mmoja huku, mwingine kule, wakasukuma huku magurudumu yakiwarushia matope midomoni. Gari likatoka. Dereva hakusimama wala hakusema neno, ila alitoa mkono dirishani akaupunga mara moja, akatokomea. Babu hakujua alikuwa nani. Alipotazama chini akakuta kiatu kimoja hakipo, kimemezwa na tope. Viatu vyenyewe vilikuwa vya kanisani, navyo havikuwa vyake bali vya kaka yake. Alichapwa hadi akasahau mbio. "Lakini ule mkono," huniambia, "ule mkono nauona mpaka leo."

Mwaka huo Joginder alishinda, na wa pili akawa Björn Waldegård, Mswidi aliyekuwa akiendesha Porsche. Waldegård alirudi akaja kuishinda Safari Rally mara nne. Tena mwaka wa 2011, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sitini na mitano, akashinda mbio za magari ya zamani katika Porsche 911, miaka 37 baada ya ile Pasaka ya matope. Alifariki 2014. Yeye ameandikwa vitabuni. Waliosukuma magari hayakuandikwa majina yao popote, na bila wao sijui kama hata hayo saba yangefika.

Siku hizi babu anaanza kisa kisha ananitazama na kuuliza, "Nilikuwa nimefika wapi?" Mwaka juzi hakuwa hivyo. Wenzake wawili aliosukuma nao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Ndugu msomaji, Fort Jesus itakuwepo mwaka ujao. Babu yangu sina hakika.

Sasa nijibu hoja za waliocheka, maana wapo pia walionipinga kwa busara.

Mwenzetu mmoja alisema huu ni mchezo wa wakoloni. Kwamba mwaka wa 1953 nchi ilikuwa katika hali ya hatari, Waafrika wakifungwa kambini, na huku watu wachache wakifurahia magari kwa heshima ya malkia. Alilosema ni kweli tupu wala sitalipaka chokaa. Nami ningetaka tulijue na tuliandike hivyo hivyo lilivyo. Lakini namwuliza: Fort Jesus aliijenga nani? Si Wareno, kuanzia 1593, ili wautawale mwambao? Mbona kila mwaka twaenda pale na madaftari yetu? Twaenda kwa sababu kuta zile zimebeba pia jasho na hadithi za watu wetu. Basi na barabara hii ni hivyo hivyo.

Mwingine akasema ni hatari. Hapo namkubalia, na ndiyo maana nasema twende na mwalimu na mpango, wala si kwenda kiholela kama vijana wanaokimbilia katikati ya barabara kupiga picha. Gari likikosa kona halichagui mwerevu na mjinga.

Wengine wakasema ni mambo ya wavulana. Hoja hiyo siijibu. Macho yangu mawili yanaona vumbi sawasawa na yao.

Na wapo waliosema, kama ni magari, twende Naivasha. Ni kweli Safari ilirudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na makao yake yakawa huko. Lakini Naivasha ni zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, na sasa nafikia jambo ambalo halikusemwa mkutanoni.

Ziara ya mwaka jana ilitozwa shilingi 2,800 kwa kila mwanachama. Chama kina wanachama 38. Waliokwenda walikuwa 15. Mimi sikwenda. Barua ya kumwomba mzazi pesa niliikunja nikaiweka ndani ya kamusi yangu, na hadi leo imo humo. Mama yangu huuza mboga sokoni, na wiki ile tulikuwa na karo ya mdogo wangu. Ningempa barua, angekopa, namjua. Kwa hivyo sikumwonyesha. Jumatatu yake, walipokuwa wakisimulia walivyokula viazi karai Mombasa, sisi ishirini na watatu tulicheka nao kwa meno ya nje. Shule yetu ni ya kutwa, msomaji. Wengi wetu twatembea asubuhi na jioni, na nauli ni hesabu. Ziara ya chama isiwe ya wenye nacho peke yao, kwa sababu ada ya uanachama twalipa sote sawa.

Ndiyo nikaketi na kalamu nikapanga ziara ya kila mtu. Mpango wangu ni huu.

Kwanza, tujue mapema. Mbio hizi kwa kawaida hufanyika Novemba au Desemba, wakati wa likizo, na si kila mwaka. Njia nayo hubadilishwa. Kwa hiyo katibu aandike barua tangu sasa kuuliza mbio zijazo ni lini na zitapita wapi. Zikipita mbali nasi, tungoje nyingine. Haraka haraka haina baraka.

Pili, tuchague mahali. Tusisimame upande wa nje wa kona wala kwenye mteremko ambapo gari hurushwa. Tukae juu kwenye kingo, upande ambao upepo hautuletei vumbi, na tufike kabla barabara haijafungwa. Nasi wa Voi twajua, hakuna kuanza mwendo kabla jua halijachomoza. Ndovu hawasomi ratiba ya mtu.

Tatu, chakula. Kila mmoja aje na chake: mahindi ya kuchemsha, viazi, chapati za jana. Chama kinunue maji na kukodi pikapu moja ya kubeba mizigo na atakayechoka. Nimepiga hesabu, haizidi shilingi 150 kwa kila mtu, na asiyekuwa nazo hatuachi nyuma. Pikapu ni ile ile.

Nne, na hili ndilo kubwa: tusiende peke yetu. Kila mwanachama amtafute mzee mmoja anayeikumbuka Safari ya zamani, yule aliyeuza petroli, aliyesukuma gari, aliyeponda mawe ya barabara, au aliyepoteza mbuzi wake na asilipwe. Wanaoweza waje nasi wakae kivulini. Gari la mwaka wa 1974 litakapopita na mngurumo wake, tuwatazame wao badala ya gari, kisha tuandike watakayosema kwa Kiswahili chao wenyewe. Hayo ndiyo yajaze jarida letu mwaka utakaofuata. Insha za "Siku Sitakayoisahau" tumezisoma za kutosha.

Nikimaliza, niseme kwamba siwachukii walionicheka. Hata mimi zamani babu alipokuwa akianza hadithi yake ya kiatu, nilikuwa nikijifanya nina kazi ya darasa. Asiyejua maana haambiwi maana, ila mimi nimeamua kuwaambia.

Huenda mbio zijazo zikija nitakuwa nimeshamaliza Kidato cha Nne. Si neno. Anayekubali mpango huu na auchukue uwe wake. Nitakuja hivyo hivyo kama mgeni, na babu nikiwa nimemshika mkono, tusimame kwenye ile kingo. Nimeshamwambia. Aliniuliza jambo moja tu, "Nivae viatu gani?"